CNN na Garissa: Kamera Inapofika, na Inapokosa Kufika

Huenda jioni ya leo, baada ya chakula, wewe na jamaa zako mtaketi mbele ya televisheni kutazama habari. Mtaona mafuriko ya nchi moja, uchaguzi wa nchi nyingine na vita vya nchi ya tatu, yote hayo kabla chai haijapoa kikombeni. Je, umewahi kujiuliza ni nani anayeamua kwamba leo utazame haya na usitazame yale?

Swali hilo si la mzaha. Katika nchi yetu kuna sehemu ambayo wengi tunaijua kwa picha za televisheni tu. Sehemu hiyo ni Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera. Wazee wa huko wana mazoea ya kusema "naenda Kenya" wanapopanda gari kuja Nairobi, kana kwamba wanavuka mpaka. Leo tutasimulia historia ya CNN, kituo cha Marekani kilichobadilisha namna dunia inavyopata habari, lakini tutaitazama tukiwa tumesimama Garissa, kando ya mto Tana, kilomita 370 hivi kutoka Nairobi. Kutoka hapo mambo huonekana tofauti kidogo.

MFANYABIASHARA WA MABANGO

Mwanzilishi wa CNN, Bw. Ted Turner, hakuwa mwandishi wa habari. Mwaka wa 1963, akiwa kijana wa miaka 24, baba yake alifariki akamwachia kampuni ya mabango ya matangazo ya barabarani. Mwaka wa 1970 akanunua kituo kidogo cha televisheni mjini Atlanta ambacho kilikuwa kikipata hasara. Marafiki zake walidhani amepotoka.

Hapa yafaa tueleze televisheni ya kebo ni nini. Wakati televisheni ilipoanza kuenea Marekani, miji iliyo mabondeni haikuweza kunasa mawimbi vizuri kwa sababu ya milima. Mwishoni mwa miaka ya 1940, watu wenye maarifa wakasimamisha mlingoti mrefu juu ya kilima, wakayanasa mawimbi huko, kisha wakayapeleka nyumba hadi nyumba kwa waya. Kila nyumba ikalipa ada ya mwezi. Biashara hiyo ikakua polepole, ikaingia hata katika miji isiyokuwa na milima.

Desemba 1976 Bw. Turner alipeleka matangazo ya kituo chake kwenye setilaiti. Kampuni yoyote ya kebo nchini humo iliweza sasa kuyanasa kwa dishi kubwa na kuyasambaza kwa wateja wake. Kituo cha mji mmoja kikaonekana taifa zima. Hapo ndipo alipopata wazo la pili: kwa nini kusiwe na kituo cha habari tupu, usiku na mchana?

Wakati huo Wamarekani walipata habari za dunia kutoka kwa vituo vitatu vikubwa, ABC, CBS na NBC, kwa muda wa nusu saa kila jioni. Aliyekosa nusu saa hiyo alingoja gazeti la asubuhi. Bw. Turner akamwajiri Bw. Reese Schonfeld, mtu aliyeijua kazi ya habari, na Jumapili tarehe 1 Juni 1980 CNN ikaanza kutangaza. Watangazaji wa kwanza walikuwa mume na mke, David Walker na Lois Hart. Kituo kilianza kikifikia nyumba zipatazo milioni 1.7, idadi ndogo kwa nchi kubwa kama ile. Wapinzani walikicheka, wakachukua herufi zake na kukibandika jina la supu ya kuku na tambi. Bw. Turner hakujali. Aliahidi kwamba kituo chake hakitazimwa mpaka siku ya mwisho wa dunia.

MWAKA ULE ULE

Msomaji utakumbuka kwamba tarehe 1 Juni kwetu ni Madaraka. Kwa hiyo siku CNN ilipozaliwa, Wakenya walikuwa wakiadhimisha miaka 17 ya kujitawala. Lakini Kaskazini Mashariki kulikuwa bado na sheria za hali ya hatari, zilizowekwa tangu mwisho wa 1963 wakati wa vita vya mashifta. Chini ya sheria hizo askari waliweza kukamata, kupekua na kuzuia watu bila kufuata utaratibu uliotumika sehemu nyingine za nchi. Mwandishi wa habari hakuingia huko ovyo. Sheria hizo ziliondolewa mwaka wa 1991 tu.

Mnamo Novemba 1980, miezi mitano baada ya CNN kuanza, maafisa wa serikali waliuawa kwa risasi mjini Garissa. Vikosi vya usalama vikalipiza kwa wananchi. Nyumba za mtaa wa Bulla Kartasi zikateketezwa kwa moto, na wakazi wakakusanywa na kuzuiliwa kwa siku kadhaa katika uwanja wa shule ya msingi. Hakuna kamera iliyokuwapo. Watu waliokaa Nairobi hawakuona moshi wala hawakusikia kilio.

Miaka mitatu na miezi michache baadaye, Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Waliwekwa juani bila maji kwa siku kadhaa, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake Mei 2013, ilisema waliokufa walikaribia 1,000, na manusura wanataja idadi kubwa zaidi. Habari hizo zilifika nje kwa juhudi za watu wachache, akiwemo Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir. Alikusanya majina na ushahidi. Baadaye alilazimika kuondoka nchini.

Sasa linganisha, msomaji. Oktoba ya mwaka huo huo wa 1984, Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, alifika Korem nchini Ethiopia pamoja na Michael Buerk wa BBC, akapiga picha za watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Picha hizo zilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, kisha Marekani na kote duniani. Wanamuziki wakaimba, serikali zikapeleka ndege za chakula, na Julai 1985 tamasha kubwa la Live Aid likafanyika London na Philadelphia kuchangisha fedha. Korem ilipata kamera ya Mohamed Amin. Wagalla, iliyo ndani ya nchi aliyozaliwa mpiga picha huyo, haikupata hata moja.

VITA VYAINGIA SEBULENI

CNN ilizidi kukua. Mwaka wa 1985 ilianzisha matangazo ya kimataifa. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka pamoja na watu saba, vituo vile vitatu vikubwa vilikuwa vikionyesha vipindi vyao vya kawaida. CNN ndiyo iliyokuwa ikitangaza safari hiyo moja kwa moja. Waliokuwa wakiicheka wakaanza kuitazama.

Nasi huku tuliipata kupitia KTN, kituo cha kwanza cha televisheni cha watu binafsi nchini Kenya, kilichoanza Machi 1990 kwa kurusha matangazo ya CNN. Mawimbi yake yalifika Nairobi na viunga vyake tu. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Buru Buru au South B aliweza kutazama kitu kile kile, kwa dakika ile ile, anachotazama mtoto wa Atlanta.

Tarehe 17 Januari 1991 ndege za Marekani na washirika wake zilianza kuipiga Baghdad kwa mabomu. Waandishi watatu wa CNN, Bernard Shaw, John Holliman na Peter Arnett, walikuwa katika hoteli ya Al-Rasheed wakisimulia kwa sauti yale waliyoyaona dirishani. Ulimwengu mzima ulikesha ukisikiliza. Hata wakuu wa majeshi walikiri kwamba walitazama CNN kujua mabomu yao yameanguka wapi. Mwisho wa mwaka, jarida la Time likamtangaza Bw. Turner kuwa mtu wa mwaka.

Lakini mwezi ule ule wa Januari 1991, macho yote yakiwa Baghdad, serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Aliukimbia mji mwishoni mwa mwezi. Watu walianza kumiminika kuelekea mpaka wa Kenya, wengine kwa magari, wengine kwa miguu, wakaingia Liboi. Kambi ya Ifo ikafunguliwa mwaka huo karibu na Dadaab, kilomita 100 hivi kutoka mjini Garissa. Mwaka uliofuata zikafunguliwa Dagahaley na Hagadera. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000.

Wakazi wa Garissa hawakuhitaji CNN kuwaambia yanayotokea. Walikuwa wakiwapokea jamaa zao mlangoni. Aidha walikuwa na redio. Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza mwaka wa 1957, ilisikilizwa jioni kwa jioni mijini na nyikani, na mfugaji aliyekuwa kisimani aliweza kukueleza habari za Mogadishu kuliko msomi wa Nairobi mwenye televisheni ya rangi.

TAA ZA UFUONI

Kamera zilifika mwaka wa 1992, njaa ilipokwisha kuua watu wengi. Bw. Gary Strieker, aliyekuwa mwakilishi wa CNN mjini Nairobi katika miaka hiyo, alikuwa miongoni mwa waliotuma habari za eneo hili. Agosti 1992 ndege za kijeshi za Marekani zilianza kubeba chakula kutoka Mombasa kwenda Somalia na pia Kaskazini Mashariki yetu, ikiwemo Wajir. Picha zilikuwa zimefanya kazi. Tusibeze jambo hilo, kwani kuna watoto wa wakati huo ambao leo ni wazazi kwa sababu mtu mbali aliona picha akatoa fungu lake.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1992, askari wa Marekani walipotua katika ufuo wa Mogadishu, walikuta waandishi wamekwisha kuwatangulia. Walioshuka kwa siri walipigwa na taa kali za televisheni usoni. Dunia ikatazama kama sinema.

Sinema hiyo haikudumu. Tarehe 12 Julai 1993, baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba moja mjini humo, umati wenye hasira uliwaua waandishi wanne waliokwenda kupiga picha. Wawili walikuwa Wakenya, Hos Maina na Anthony Macharia. Wa tatu, Dan Eldon, kijana wa miaka 22, alikulia Nairobi. Wa nne alikuwa Mjerumani, Hansi Krauss. Unapoona picha kutoka vitani, msomaji, kumbuka kwamba mara nyingi nyuma ya kamera yupo mwana wa huku, ambaye jina lake halitajwi na mtangazaji aliyevaa suti.

Oktoba mwaka huo askari 18 wa Marekani waliuawa katika mapigano ya Mogadishu, na CNN ikaonyesha maiti ya mmoja wao ikiburutwa barabarani. Siku chache baadaye Rais Bill Clinton akatangaza kwamba majeshi yataondoka kabla ya mwisho wa Machi 1994. Wasomi wa Marekani wakaanza kujadili nguvu ya CNN: picha ziliwaingiza askari, na picha zikawatoa. Wengine wanapinga, wakisema serikali ilikuwa na sababu zake kabla ya picha hizo. Hata hivyo, lililo hakika ni kwamba kamera ziliondoka pamoja na askari. Wakimbizi walibaki Dadaab.

KWA NINI HUJA NA KUONDOKA

Huenda mwanafunzi akauliza: je, ni chuki? La, mara nyingi ni hesabu. Kituo cha televisheni kina waandishi wachache na dunia ni kubwa. Kumpeleka mwandishi, mpiga picha na mitambo hadi Hagadera kuligharimu fedha nyingi, na usafiri wenyewe mara nyingi ulikuwa kwa ndege za mashirika ya misaada. Mashirika hayo humwonyesha mgeni kazi yanayoifanya, yaani njaa na wagonjwa. Akikaa siku mbili, atapiga picha za njaa na wagonjwa, na hatadanganya. Lakini hatakuwa ameona soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya aina yake Afrika Mashariki. Hatakuwa ameona duksi ambako watoto huhifadhi Kurani kwa mbao alfajiri, wala harusi, wala mama anayeuza maziwa ya ngamia kituoni. Waswahili walinena, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hujui pia wanaokilalia huota nini.

Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka wa 2011. Ukame mkali ulipoikumba Pembe ya Afrika na Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa Somalia mwezi Julai, watangazaji wakubwa wa CNN, Anderson Cooper na Dkt. Sanjay Gupta, walifika Dadaab. Kambi zile zilizokusudiwa watu 90,000 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Msaada ulikuja. Kisha dunia ikageukia mambo mengine.

Isitoshe, sisi wenyewe hatuwezi kunyosha kidole tu. Magazeti na vituo vyetu vya Nairobi navyo vimezoea kwenda Kaskazini Mashariki siku ya mauaji na kurudi siku ya pili.

ALHAMISI YA GARISSA

Alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, magaidi wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliotoka pembe zote za Kenya. Safari hii kamera zilikuwapo. CNN na vituo vingine vilitangaza saa baada ya saa.

Lakini vijana wa Kenya waliona kasoro. Habari zilitaja 147, kisha 148, nayo majina hayakutajwa. Wakaanza kukusanya majina na picha za waliouawa kwenye mitandao, wakisema kwamba 147 si tarakimu tu. Wakakesha Uhuru Park na mishumaa. Huyu alipenda mpira, yule alikuwa akisomea ualimu, mwingine alikuwa wa kwanza ukoo wao kufika chuo kikuu. Kazi ambayo kituo kikubwa hakikuifanya ilifanywa na watoto wenye simu.

Julai mwaka huo, Rais Barack Obama alipokuwa njiani kuja Nairobi, CNN ilieleza kwamba anaelekea katika kitovu cha ugaidi. Wakenya waliwaka. Tayari Machi 2012, baada ya guruneti kurushwa katika kituo cha mabasi Nairobi, CNN iliwahi kuonyesha maandishi yaliyofanya nchi nzima ionekane imo vitani, na Wakenya wakaanzisha kwenye mtandao kauli ya kutaka mtu aiambie CNN ukweli. Sasa kauli hiyo ilirudi kwa kishindo. Agosti 2015 mkubwa wa CNN ya kimataifa, Bw. Tony Maddox, alisafiri hadi Nairobi akamwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta.

Ilikuwa ajabu: kituo kilichochekwa kwa supu ya kuku kimekuwa kikubwa kiasi kwamba rais wa nchi anahesabu maneno yake, na wananchi wa kawaida wamepata sauti ya kutosha kukisahihisha.

BASI LA MANDERA

Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Magaidi walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi mjini Mandera, alipigwa risasi akiwatetea wasafiri wenzake, akafariki Januari 2016. Habari hiyo nayo ilizunguka dunia nzima, CNN ikiwemo. Hivyo si kweli kwamba wema hauna soko katika habari. Unahitaji mtu wa kuusimulia, na safari hii wasimulizi walikuwa abiria wenyewe.

Kuna mengine yaliyopata nafasi ndogo. Chuo kile cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka wa 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Je, ulilijua hilo, msomaji? Ukiulizwa jambo moja kuhusu chuo hicho, hukumbuki lipi kwanza?

CNN yenyewe imepitia mikono mingi. Mwaka wa 1996 iliingia katika kampuni ya Time Warner, mwaka wa 2018 ikanunuliwa na kampuni ya simu ya AT&T, na mwaka wa 2022 ikawa chini ya Warner Bros. Discovery. Mwaka huo huo ilianzisha huduma ya kulipia kwenye intaneti iitwayo CNN+, ikafungwa baada ya mwezi mmoja tu. Kebo iliyoipa uhai inapoteza wateja kwa simu za mkononi. Na simu hizo zimo pia mifukoni mwa vijana wa Garissa na Dadaab, wanaopiga picha, wanaosimulia kwa Kisomali, Kiswahili na Kiingereza, bila kungoja ndege ya mtu.

Basi jioni ya leo, mkisha kuketi, mjaribuni hili mzazi na watoto. Habari ikionyesha mahali msipopajua, ulizaneni mambo matatu. Aliyepiga picha hizi ni nani, mwenyeji au mgeni wa siku mbili? Waliomo pichani wametajwa majina, au wamehesabiwa tu? Na jana yake, kabla ya msiba, watu hawa walikuwa wakifanya nini? Msipopata majibu kwenye televisheni, huenda shuleni au kazini yupo mtu wa Garissa, Wajir au Mandera. Mwulizeni. Atawaeleza mengi ambayo hakuna kamera iliyoyafuata.